Evodia na Marundo ya Mawe ya Ngimbwa

Pale Mkiwa, njia ya Itigi inapoachana na barabara kubwa, kuna banda la useremala lenye bati jipya upande mmoja na bati la kutu upande wa pili. Ukiuliza banda la fundi Evodia, watu watakuonyesha kwa kidevu bila kusimama. Mwanamke mrefu, mkavu, miaka hamsini na mmoja, kidole gumba cha kushoto hakina kucha. Anagonga ubao kwa vidole mara mbili, anakwambia ulikatwa kabla ya mvua au baada ya mvua. Usibishe. Wapo waliobisha, vyeti vyao vimening'inia ukutani, na milango waliyotengeneza haifungi mpaka leo. Sisi wa Mkiwa hatujisifu, tunasema tu ukweli kwa sauti kubwa.

Mambo yote yalianzia kwenye milango hiyo isiyofunga.

Halmashauri ikitaka milango ya shule haina subira. Tangazo linatoka kwenye mfumo wa manunuzi, huko mtandaoni, unapewa siku saba kutuma bei. Ukipata kazi, wiki tatu milango iwe imeshasimama kwenye kuta. Haya, wewe msomi, hebu tuambie: mbao ngumu mbichi inakauka kwa wiki tatu? Hata uiimbie haikauki. Kwa hiyo mafundi wengi walikuwa wanaranda mbao mbichi, wanapaka vanishi, wanapiga picha, wanaondoka. Jua la Septemba likiishika, ule mlango unajikunja kama chapati iliyosahaulika jikoni, na mwalimu anafunga darasa kwa kamba ya katani.

Evodia hakutaka kutengeneza chapati. Mbao zake zilikaa kivulini miezi saba, zimepangwa kwa vijiti katikati upepo upite, na hakuna aliyewahi kumtoa kwenye miezi saba hiyo. Lakini hapo ndipo ugumu ulipo. Kama tangazo linatoka Agosti, yeye alipaswa kujua Januari. Utajuaje Januari kitu ambacho serikali yenyewe bado haijakitangaza? Watu wa mjini wana jibu moja tu: uwe na mjomba ofisini. Wajomba wa Evodia wote wako Mungaa wanachunga ng'ombe, na hao ng'ombe hawajawahi kumwambia chochote.

Alichokuwa nacho ni pikipiki ya zamani yenye kiti kilichoshonwa kwa uzi wa gunia, kaunta buku moja, na macho.

Maana shule ya kwetu haianzi na serikali. Inaanza na mawe. Mtendaji wa kijiji anatangaza msaragambo, kila kaya ilete mawe kadhaa na ndoo za mchanga. Wananchi wanasimamisha kuta mpaka kwenye renta, ule mkanda wa zege juu ya milango, halafu nguvu zinaisha, boma linabaki limekodoa macho kwa mbuzi. Hapo ndipo diwani anaanza kulisemea kwenye vikao, linaingia kwenye bajeti ya umaliziaji, na mwaka mpya wa fedha ukianza zinakuja bati, plasta na milango. Kwa hiyo aliyeona mawe ameshaiona milango. Bado tu haijafika.

Hiyo hesabu Evodia aliipiga mwenyewe, hakufundishwa na mtu. Na mara ya kwanza alipoitumia, alianguka vibaya.

Ilikuwa miaka miwili nyuma, kwenye kijiji kimoja cha ndani ndani. Aliona rundo la mawe kubwa kama trekta, akarudi mbio kwa wenzake. Kikundi chao kilikuwa cha wanawake watatu: yeye mwenyewe, Radhia wa kupiga msasa na vanishi, na Dorkas wa kushika mashine ya randa. Akawaambia, "Zahanati hiyo inakuja, nunueni mbao." Wakanunua. Mbao zikakauka vizuri kweli kweli. Halafu Jumapili moja mchungaji wa kule akasimama mbele ya waumini, akawashukuru kwa kukusanya mawe ya kanisa jipya, na akamtaja fundi wa milango, mzee mmoja wa kanisa, anayefanya kwa sadaka.

Mbao za zahanati ziligeuka vitanda, kimoja kimoja, mwaka mzima. Na Evodia akapewa jina. Vijana wa bodaboda pale njia panda walimsalimia kwa heshima zote kabla ya kumchoma.

"Shikamoo, Mama Mawe!"

"Marahaba."

"Bibi yangu amekusanya mawe matatu, wahi na mlango!"

"Hayo ni mafiga, mjinga wewe. Mwambie bibi yako akupikie, akili irudi."

Alijibu hivyo na kucheka akacheka, lakini bandani hakukuwa na kicheko. Dorkas alimwambia wazi: "Mama Ritha, mara moja ni bahati mbaya. Ukikosea tena, tunauza mashine, kila mtu ashike njia yake." Radhia alichukua chaki ya kupimia, akaenda kwenye ubavu wa ile mashine ya randa, akaandika kwa herufi kubwa: INAUZWA.

"Futa," Evodia alisema.

"Sifuti. Ukikosea, kazi ya kuandika itakuwa imeshafanyika."

Mtu mwingine angeachana na mawe, arudi kwenye stuli na makabati. Evodia aliwasha pikipiki, akarudi kule kule kwenye mawe ya kanisa. Akakaa juu ya jiwe moja, akala karanga zake, akaliangalia lile rundo kuanzia asubuhi mpaka kivuli kikamhama. Watu waliopita walidhani amechanganyikiwa. Alikuwa anajiuliza swali moja: hili rundo lina nini ambalo mimi sikuliona?

Akaliona. Lilikuwa rundo moja.

Mawe ya kanisa yanaletwa na waumini, wanaimba, wanatupa, wanaondoka. Hakuna anayehesabu nani ameleta na nani hajaleta, hiyo wamemwachia Mungu. Lakini mtendaji wa kijiji si Mungu, yeye anahesabu! Msaragambo wa serikali una majina na faini. Kwa hiyo mawe ya shule hayachanganywi kamwe. Kila kitongoji kina rundo lake, na kijiti kimechomekwa chenye jina, ili asiyeleta ajulikane. Rundo moja ni la dini. Marundo mengi yenye vijiti ni ya serikali. Evodia aligonga mapaja, akacheka peke yake porini. Profesa gani angekwambia hilo?

Julai iliyofuata alipita kijiji cha Ngimbwa akielekea kupeleka kitanda. Akakanyaga breki. Marundo matano, vijiti vitano.

Safari hii hakurudi mbio kwa mtu. Alisubiri mkutano mkuu wa kijiji. Siku ya mkutano alifika mapema, na nyuma ya pikipiki alikuwa amefunga jiwe kwa mpira. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Elisha, alimtazama kwa jicho la pembeni.

"Mama, mkutano huu ni wa wanakijiji."

"Shikamoo, mwenyekiti."

"Marahaba. Mkutano ni wa wanakijiji, nimesema."

"Nimesikia, baba. Nimekuja na jiwe."

Mzee Elisha akalitazama jiwe. Lilikuwa jiwe zuri, la msingi. Watu wakaanza kucheka. "Basi liweke kwenye rundo la kitongoji cha Kati," akasema, "wako nyuma hao wavivu. Kisha kaa kule mwisho, usinyooshe mkono."

Evodia akakaa mwisho, hakunyoosha mkono, akaandika. Shule shikizi, yaani tawi la shule mama iliyo mbali, madarasa manne, ofisi na stoo. Mwezi wa kumi na moja kuta zilifika renta. Januari akaenda kwenye kikao cha kata, akakaa kwenye benchi la wananchi ambalo huwa tupu, akamsikia diwani akisoma maboma yaliyoombewa fedha, Ngimbwa ikiwa la pili kwenye orodha. Wiki hiyo hiyo akakuta orodha imebandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata, chini ya tangazo la chanjo ya kuku. Hata alipokuta wanachimba choo alihesabu. Matundu kumi. Serikali haichimbi matundu kumi kwa watoto ishirini, hii shule inakuwa kubwa. Manne ya madarasa, mawili ya ofisi na stoo, kumi ya choo. Milango kumi na sita. Akapima na upana wa matundu kwenye kuta kwa futi yake mwenyewe, kila moja, mchana, watu wakimwona.

Kwa wenzake alisema maneno machache tu. "Nunueni mbao."

Dorkas akatazama ile chaki kwenye mashine. Radhia akatazama Dorkas. "Ni mara ya pili," Dorkas akasema.

"Najua kuhesabu."

Mbao zilipanda gari Itigi, zina vibali vyake vyote, zikashushwa Mkiwa. Bandani hazikutosha, nyingine zikaingia nyumbani. Laurenti, mume wake, mfuga nyuki, alirudi kutoka porini na ndoo za asali akakosa pa kuziweka.

"Mama Ritha, na mimi nitalala wapi?"

"Juu ya mlango wa darasa la pili. Ni mpana."

Miezi saba. Bodaboda wakaimba, Dorkas akanuna, Evodia kila asubuhi akageuza mbao kama mtu anayegeuza wagonjwa. Na Agosti, tarehe kumi na mbili, simu ya Radhia ikalia mlio wa ule mfumo wa manunuzi ambamo kikundi kilishajiandikisha tangu mwaka wa juzi. Shule shikizi Ngimbwa, milango kumi na sita na fremu zake. Radhia alisoma mara tatu. Siku hiyo alipiga msasa mpaka mashavu yakawa meupe kwa vumbi.

Walituma bei, na pale penye sehemu ya muda wa kukabidhi, Evodia akamwambia Radhia aandike siku kumi.

Sasa hapo ndipo alipotokea Nasri.

Nasri ni kijana wa mjini Singida, duka lao la vifaa vya ujenzi limerithiwa tangu kwa babu. Shati jeupe, simu mbili, maneno ya asali. Si mtu mbaya, tuelewane, anatoa sadaka na anajua kuchekesha. Lakini milango ya shule za upande ule alikuwa ameipata miaka mitatu mfululizo, na alishazoea kuiona kama ya nyumbani kwao. Aliposikia kuna kikundi cha wanawake kinaahidi siku kumi, alicheka kwanza. Kisha akaacha kucheka, akaandika malalamiko. Hakuna fundi anayeweza kuwa na mbao kavu za milango kumi na sita, tena kwa vipimo vile vile, isipokuwa amepewa siri ya zabuni kabla. Aliomba kikundi kiondolewe na kifungiwe.

Afisa manunuzi alikuwa binti mmoja anaitwa Janeth, miwani midogo, hacheki ovyo. Aliwaita wote wawili ofisini. Evodia aliingia na Radhia. Nasri alishakaa, akaanza moja kwa moja: "Mheshimiwa afisa, mimi naomba tu huyu mama aseme nani—"

"Subiri kidogo, mwanangu," Evodia akamkata. "Salamu kwanza. Unanishitaki hujaniamkia?"

Nasri akajiinua kidogo kitini. "Shikamoo, Mama Ritha."

"Marahaba. Haya, nishitaki."

Hata Janeth alishika mdomo. Lakini uso ulirudi kuwa mgumu. "Mama, malalamiko yameandikwa na lazima niyajibu kwa maandishi. Ulijuaje milango ni kumi na sita kabla ya tangazo?"

"Nilihesabu matundu kwenye ukuta. Tundu la mlango halina siri, hata mbuzi wa Ngimbwa wanajua idadi, wanapita humo kila siku."

"Nani alikupa taarifa?"

"Mkutano wa kijiji. Kikao cha kata. Ubao wenu wa matangazo, ule wenye chanjo ya kuku." Akaitupa kaunta buku mezani, ikafunguka yenyewe. Tarehe, mahali, mtu aliyesema. "Soma. Kama kuna neno moja humo lilisemwa chumbani, nifungieni mimi, na mashine yangu ichukueni."

Nasri akachungulia ukurasa, akaisogeza kwa kidole kama kitu chenye kupe. "Daftari mtu anaweza kuandika jana, dada. Mama. Eti mawe! Mawe ni mawe tu. Nani anajenga biashara kwa kuangalia mawe?"

"Mimi."

"Ulishawahi kukosea. Mkiwa nzima inajua."

Hilo lilimchoma. Radhia aliinamisha kichwa. Evodia hakuinamisha. "Nilikosea, ndiyo. Nikarudi kukaa juu ya hayo mawe mpaka nikajua kwa nini. Wewe milango yako ya mwaka juzi inafungwa kwa kamba, ulirudi lini kuiangalia?"

Janeth akafunga jalada, akachukua funguo. "Nakwenda Ngimbwa kuona kwa macho. Twendeni wote."

Kule Ngimbwa Mzee Elisha alithibitisha kila kitu, na kwa kuwa ni mzee anayependa kusikilizwa, alithibitisha mara mbili. "Huyu? Huyu alikuja na jiwe. Nyie wengine mlikuja na nini?" Mihtasari ya mkutano ikaletwa, tarehe zikaoana na kaunta buku. Lakini Nasri hakukubali. Njiani kurudi, kwenye kiti cha nyuma, bado alikuwa anasema ni bahati, ni bahati, mtu hawezi kusoma mawe.

Janeth akasimamisha gari. Kando ya barabara, nyuma ya mikorosho michanga, palikuwa na mawe mengi yamemwagwa.

"Mama," akasema bila kugeuka, "yale ni ya nini?"

Radhia akashika mkono wa Evodia. Usikosee. Hakulisema, lakini lilisikika. Evodia akashuka, akafungua kanga akaifunga upya kiunoni, akaenda. Akazunguka. Nasri akashusha kioo akaita, "Hiyo ni zahanati! Iko kwenye mpango, nimeambiwa na mtu wa uhakika!"

Evodia alizunguka mara moja tu. Rundo moja. Hakuna kijiti. Na pembeni, mtu mmoja alikuwa ameyapanga mawe machache kwa mstari ulioelekea kaskazini, sawa sawa, kama amepimia.

"Huu ni msikiti," akasema. "Na tayari wameshapata kibla."

"Zahanati!" Nasri akacheka.

Mzee mmoja mwenye kofia akatokea nyuma ya mikorosho na jembe, akasalimia, akainama dirishani. Akamtazama Nasri, kisha akamtazama tena, na uso mzima ukafunguka. "Wewe si mtoto wa marehemu Hussein wa dukani? Mashaallah! Mifuko hamsini ya saruji uliyotutumia imefika yote, tumeihifadhi. Tulikuwa tunasema, siku moja atakuja kuuona msikiti wake."

Janeth alitoa miwani akaifuta kwa muda mrefu. Radhia alikuwa amejikunja kwa kicheko mpaka kichwa kimegusa magoti. Nasri, tumpe haki yake, alishuka, akamshika mzee mikono yote miwili, akaomba radhi kwa kutofika. Aliporudi kwenye gari masikio yalikuwa mekundu.

Majibu ya malalamiko yalitoka siku ya nne, ukurasa mmoja: taarifa zote zilikuwa wazi kwa umma, kikundi hakina kosa. Siku ya tano kazi ikaja.

Milango kumi na sita ilisimama kwa siku tisa. Evodia alikataa wakabidhi mpaka aujaribu kila mmoja. Alikuwa anausukuma kwa kile kidole gumba kisicho na kucha, unakwenda wenyewe, unalala kwenye fremu bila kelele. Mwalimu Obadia, aliyeletwa kuwa mwalimu mkuu, aliufungua na kuufunga mlango wa ofisi yake mara nyingi kama mtoto, kisha akatoa mfukoni kamba ya katani aliyokuja nayo kutoka shule ya zamani, akaitupa dirishani.

Bandani, ile chaki kwenye ubavu wa mashine ilishalika kwa vumbi na mikono, imebaki herufi mbili tu. Dorkas alichukua kitambaa, akazifuta mwenyewe, hakuombwa. Hakusema samahani, na Evodia hakuidai. Wakawasha mashine.

Wiki mbili baadaye gari la Nasri lilipaki pale njia panda. Akashuka na soda mbili baridi. Safari hii alianza na shikamoo akiwa bado mbali.

"Marahaba, mwanangu. Karibu vumbi."

"Mama Ritha, tuyamalize. Niazime ile kaunta buku siku moja tu. Nipige picha kurasa mbili tatu."

Evodia alifungua soda kwa ubapa wa patasi, akanywa nusu kwa pumzi moja, akafuta mdomo.

"Ya nini kupiga picha? Jumamosi kuna mkutano wa kijiji kule mbele ya Mungaa, saa tatu asubuhi, uko wazi kwa kila mtu. Marundo sita, nimeyaona juzi." Akamtazama shati lile jeupe kuanzia kola mpaka vifungo vya mikono. "Ila uje na jiwe. Na usije na la mfukoni, mwenyekiti wa kule anayapima kwa macho."